Mkoba wa Majibu Safi: Mhadhara Juu ya Fibromialgia, Mchochota na Kinga ya Mwili (Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nyie mliokaa nyuma kabisa sogeeni, nafasi ipo huku mbele, na mie sing'ati. Nimepewa dakika 45, na aliyeniweka hapa kaniomba nimalize kabla ya adhana ya alasiri. Tutaona. Nimekaa na viungo vya watu miaka 31, kwanza Unguja, kisha hapa nyumbani Pemba, kazi yangu kunyoosha magoti na migongo, na wanaonijua wanajua kuwa jambo hili la fibromialgia, maradhi ya maumivu ya mwili mzima, nikilishika siliachi.

Wanajua vilevile kwamba nitaanza na mkoba. Wapo wauguzi wawili hapa wameshausikia mara tatu, nawaona wanatazamana. Vumilieni.

Alinijia mwanamke mmoja, mkulima wa mwani, wa kijiji cha pwani ambacho sikitaji. Umri arobaini na kitu. Kaingia chumbani kwangu taratibu, kama mtu anayekanyaga vigae vya chupa, mkononi kashika mkoba wa ukili umejaa mpaka mdomoni. Nikafurahi. Nikadhani embe. Akaupindua juu ya meza yangu zikamwagika karatasi. Miaka 6 ya karatasi: picha kamili ya damu, vipimo vya mchochota viitwavyo ESR na CRP, nitavieleza, sukari, mkojo, figo, ini, kipimo cha baridi yabisi, picha mbili za mgongo, na moja katika hizo kapanda boti kwenda kupigwa Dar es Salaam. Kauza cherehani kulipia.

Nilizisoma zote, moja moja. Kawaida. Kawaida. Hasi. Kawaida. Mtu mwenye karatasi zile ungemchukua ukampeleka timu ya taifa. Na mwenyewe amekaa mbele yangu hawezi kuinua mkono kufunga ushungi.

Nikamwambia, nieleze. Akasema maumivu yanahama: leo mabegani, kesho nyonga, kesho kutwa mapaja, siku nyingine kila mahali. Usiku analala, tena analala sana, na asubuhi anaamka kama aliyetwanga mpunga usiku kucha. Anakwenda dukani akifika anasimama, hakumbuki alichotumwa. Likija bamvua na maji yakikupwa mbali, anatoka na wenziwe kufunga mwani, saa mbili tu, kisha anakaa kitandani siku tatu. Shuka ikimgusa inamuuma. Shuka, jamani. Siyo gunia la karafuu.

Daktari wa kwanza kamwambia, "Mama, huna kitu." Wa pili kamwambia, "Una mawazo." Mama mkwe kasema ni jini la baharini, kalikanyaga huko kwenye mwani. Mumewe, naye ni mtu mwema, sikusikia baya lake, kasema, "Lakini ukisikia harusi unapona." Na ni kweli! Ndiyo maana jambo hili gumu. Maradhi haya, ndiyo fibromialgia yenyewe, yana siku nzuri na siku mbaya. Akiipata siku nzuri anakwenda harusini, anacheza, anapika pilau na wenziwe, na siku tatu za baada ya hapo hakuna anayekwenda kumtazama. Watu wanaiona ngoma, kitanda hawakioni.

Basi akampata mwenye duka la dawa aliyemhurumia. Na mie huwaogopa sana wenye huruma wasio na elimu. Kamwambia, "Wewe una uvimbe wa ndani." Kaanza kumpiga sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, kila wiki. Zilipochoka kufanya kazi, kampa vidonge vidogo vyeupe, prednisoloni, dawa kali ya kuzima uvimbe, asubuhi na jioni, bila ya cheti, bila ya mwisho. Miezi inakwenda. Uso ukajaa, ukawa mviringo kama mwezi wa kumi na nne, mashavu yanang'aa. Majirani wanamwambia, "Mashaallah, umenawiri, mume anakutunza!" Aliniambia hivi, na haya ni maneno yake: "Mie naungua mwili mzima, na watu wananipongeza."

Siku moja kapata choo cheusi kama lami. Vidonda vya tumbo vimetoa damu. Sukari, ambayo kwenye karatasi zote zile ilikuwa safi, sasa imepanda. Kwa hiyo mwisho wa safari ndefu hiyo akapata kipimo kimoja kibaya, na kipimo hicho tumempa sisi kwa dawa.

Akaniambia, "Bi Daktari," na mie si daktari, lakini hapa kwetu mwenye koti jeupe ni daktari, "Bi Daktari, bora wangenambia kensa. Ningejua naugua nini."

Sasa niseme nililojia. Makosa yaliyompata mama huyu ni mawili, na yote mama yao mmoja. La kwanza: kipimo safi, basi huna kitu. La pili: unaumwa, basi una uvimbe, basi dawa ya kuzima uvimbe. Mama yao ni kudhani kuwa kuna mchochota wa namna moja tu, ukiwepo utauona kwa jicho au maabara itauona, na usipoonekana haupo.

Nimesema mchochota. Najua mnasema uvimbe. Wenye kamusi walitupa neno zuri tukaliacha limelala humo humo. Mchochota ni kinga ya mwili inapofanya kazi mahali: damu inakimbilia pale, joto, wekundu, maumivu, na ndiyo, mara nyingi uvimbe. Lakini uvimbe ni alama moja tu. Ukiuita mchochota uvimbe, mgonjwa atatafuta pa kubonyeza, mwuguzi atatafuta pa kubonyeza, wote wasipopaona wanakwenda nyumbani.

Na vipimo je? Tuchukue ESR. Damu inatiwa katika mrija mwembamba, unasimamishwa saa 1, tunatazama chembe nyekundu zimeteremka milimita ngapi. Basi. Mchochota ukiwa mkubwa, damu inakuwa na protini zinazozifanya chembe zishikane, zikaanguka haraka. CRP ni protini inayotengenezwa na ini, ini likiamrishwa na mjumbe mmoja wa kinga aitwaye intalukini-6. Ni vipimo vizuri. Mtu ana baridi yabisi ya kweli, ile inayokula viungo vya vidole mpaka vikapinda, vinakwambia mara nyingi. Lakini vyote viwili vinatazama damu iliyotoka mkononi. Ni sawasawa na kumuuliza askari wa bandari ya Mkoani kama kuna ugomvi ndani ya nyumba kule Wete. Atakwambia kwa haki kabisa, "Kwangu shwari." Hakusema uongo. Wewe ndiye uliyemuuliza asiyehusika.

Watafiti waliokwenda kubisha hodi nyumbani kwenyewe walikuta mambo mengine. Mwaka 1994 huko Marekani walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa fibromialgia wakakuta kemikali iitwayo dutu P, inayobeba habari za maumivu, imezidi kiasi cha mara 3 ya watu wazima wa afya. Baadaye watafiti wa Sweden, katika maji hayo hayo, wakakuta intalukini-8 iko juu, na huyo ni mjumbe wa kinga. Nani kati yetu hapa atachotwa maji ya uti wa mgongo kwa sababu mabega yanamuuma? Hakuna, na wala sishauri. Nasema tu kwamba kipimo ambacho hukupima hakiwezi kutoka safi.

Jina lenyewe la maradhi haya limepigwa mieleka. Mwaka 1904 daktari wa London, William Gowers, alikuwa akizungumzia maumivu ya kiuno, akayapa jina fibrositisi. Hiyo "itisi" mwishoni, wanafunzi mnaijua, maana yake mchochota. Mwaka huo huo mwenziwe wa Uskochi, Stockman, akasema kauona mchochota wenyewe kwenye vinyama alivyokata kwa wagonjwa. Wakaja wengine wakatafuta, wakatafuta, hawakuuona. Ikapita miaka zaidi ya 70 watu wanatibu "itisi" isiyoonekana. Mwaka 1976 daktari Hench wa Marekani akapendekeza jina fibromialgia, na "aljia" ni maumivu tu. Mchochota ukafutwa kwenye jina. Na ulipofutwa kwenye jina, wengi wakaufuta na ugonjwa: kama hakuna mchochota, basi ni kichwa chake. Mnaona? Ni kosa lile lile limevaa kanzu nyingine.

Sasa kuna mtu hapa, namjua kwa macho, anasema moyoni: bibi huyu anataka kutuambia mtu anaweza kuumwa mwili mzima na kinga yake, na hakuna kiungo kilichovimba. Ndiyo. Na wewe umeshaumwa hivyo.

Wazee wenzangu mnaikumbuka malaria ya zamani. Vijana wa Zanzibar wa leo malaria mnaisikia kama sie tulivyosikia habari za ndui, na alhamdulillah. Siku ya kwanza ya homa mwili mzima umevunjika. Magoti, mgongo, ngozi, hata nywele zinauma. Hutaki mwanga, hutaki mtu, hutaki chakula, akili imejaa ukungu. Nakuulizeni: vijidudu vya malaria vilikuwa magotini? Havikuwa. Vilikuwa kwenye ini na kwenye damu. Maumivu yale ni kazi ya wajumbe wa kinga yako mwenyewe, saitokini, wanaoupelekea ubongo habari kwamba mwili uko vitani, mlaze mtu huyu. Magoti hayakuvimba. Na hakuna aliyekwambia una mawazo.

Na hili sisi watu wa visiwa hivi tulilijua kabla ya vitabu. Acheni nilisemee kidogo, najua nakula dakika. Zanzibar ilipigwa na homa moja mwaka 1823, ikarudi 1870. Homa ya ghafla, mtu yuko sokoni, mara viungo vimemkamata haendi. Wakaiita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja zama hizo, akaandika habari zake mwaka 1872 na jina letu akaliweka kama lilivyo. Wapo wanaosema neno dengue lenyewe asili yake ni hapo. Lakini Christie alieleza jambo lililowafanya madaktari wa karne iliyofuata wajikune kichwa: homa inaondoka, maumivu ya viungo yanabaki. Dengue haina tabia hiyo. Wenye tabia hiyo ni chikungunya, kirusi kilichokuja kutambuliwa kwenye homa ya mwaka 1952 na 1953 huko kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Wamakonde, na jina lake ni la Kimakonde, linataja mtu kukunjamana. Kwa hiyo wengi leo wanasema kidinga pepo ile ya Unguja huenda ilikuwa chikungunya.

Kwa nini nakusimulieni haya? Kwa sababu watu wa Réunion, kisiwa cha bahari yetu hii hii, walipigwa na chikungunya mwaka 2005 na 2006, na wako waliobaki na maumivu miaka. Baadhi yao viungo vimevimba kweli kweli. Wengine hawana uvimbe, wana maumivu ya mwili mzima, usingizi usioshibisha, uchovu. Ukiwapima kwa masharti ya fibromialgia, wanaingia. Kirusi kimeondoka. Kinga imepiga kelele, kelele zimekwisha, na mishipa ya fahamu bado inasikia mlio. Na wazee wetu waliona ajabu hiyo, wakatia neno "pepo" ndani ya jina. Mie siwacheki. Walieleza kwa lugha waliyokuwa nayo: kitu kimekuja, kimeondoka, na mtu hajarudi kuwa yule.

Si kila mwenye fibromialgia kaanza na homa, msinielewe vibaya. Wengine ni baada ya ajali, wengine baada ya msiba, wengine wana baridi yabisi au lupasi, ugonjwa wa kinga kuupiga mwili wenyewe, tangu zamani na hii ikapanda juu yake, na wengine haijulikani ilipoanzia, imeingia pole pole kama unyevu ukutani.

Tuingie sasa kwenye panya. Hapa ndipo ninapopapenda.

Mwaka 2021 watafiti wa King's College London, wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm walichukua damu ya wagonjwa wa fibromialgia. Wakachuja ndani yake kingamwili, zile za aina ya IgG, protini ambazo kinga hutengeneza ili kumkamata adui. Wakawapiga panya sindano ya kingamwili hizo. Panya wengine wakapigwa kingamwili za watu wazima wa afya. Panya waliopewa za watu wa afya hawakuwa na habari. Panya waliopewa za wagonjwa wakaanza kuumia kwa kubonyezwa kidogo tu, wakawa hawavumilii baridi, nguvu ya kushika ikapungua, mwendo ukapungua. Baada ya wiki chache kingamwili zilipokwisha mwilini mwao, wakarudi walivyokuwa. Na damu ile ile ya wagonjwa, ikiondolewa kingamwili, haikuwafanya kitu.

Jamani, panya hana mama mkwe. Panya hana mawazo ya ada ya skuli. Panya hakuwa akitafuta njia ya kukwepa kupika futari. Kapewa kingamwili za mwanamke aliyeambiwa "huna kitu", na panya akaumwa. Niliposoma utafiti ule nilitamani kuuchapa, niende nao mlango kwa mlango.

Na kingamwili zile zilionekana zimekwenda kunata wapi? Si magotini. Si kwenye ubongo pia. Zilinata kwenye vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo, mahali ambapo neva za hisia hukaa kabla habari hazijaingia ndani, na hasa kwenye vijichembe vinavyozizunguka neva hizo na kuzilea. Yaani pale getini. Mlinzi wa geti kapandishwa hamaki, basi kila anayepita, hata shuka, anaandikwa kuwa mwizi.

Mwaka 2019, kabla ya panya hao, watafiti wa Boston na wa Stockholm waliupiga picha ubongo wa wagonjwa kwa dawa yenye mionzi inayonata kwenye chembe za glia. Glia ndizo walinzi na walezi wa ubongo, na zikishtuka zinatoa wajumbe wale wale wa mchochota. Wakaona dalili za glia kushtuka katika sehemu za gamba la ubongo za wagonjwa, kuliko za wasioumwa. Na ESR ya watu kama hao, mkononi? Shwari. Bandari ya Mkoani shwari.

Kuna ndugu yangu mmoja daktari, kila nikifika hapa huninyooshea kidole: "Panya si mtu." Najua. Na nitamwongezea mwenyewe, asipate taabu: si kila mgonjwa aliyepimwa ana kingamwili hizo. Wapo waliokutwa na kasoro nyingine. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walikata vipande vidogo vya ngozi, wakakuta kwa kama wagonjwa 4 katika 10 neva nyembamba za ngozini zimepungua. Mwaka 2023 timu nyingine ya London ikawalaumu nyutrofili, askari wa kwanza wa damu yetu, ikasema wanaingia kwenye vifundo vile vile vya neva. Kila timu na mtuhumiwa wake. Huenda fibromialgia ni nyumba moja yenye milango mingi. Kwa hiyo mie sikusema fibromialgia ni ugonjwa wa kinga kama lupasi. Msiende kuninukuu sokoni. Nimesema kinga imo ndani ya habari hii, na imo upande wa neva, si upande wa viungo.

Na upande wa ubongo nao upo, siufichi. Mwaka 2002 Marekani waliwabonyeza watu ukucha wa dole gumba huku wakitazama ubongo kwa mashine ya sumaku. Wagonjwa wa fibromialgia walihitaji karibu nusu tu ya nguvu ya kubonyeza ili waumie sawa na wenzao, na ubongo wao ukawaka kwenye sehemu zile zile za maumivu. Hawaigizi. Redio imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Wanaosema "ni ubongo tu" wanasahau kwamba ubongo ni kiungo cha mwili, una damu, una glia, una kinga yake. Haukuletwa na boti.

Haya. Sasa mwenye duka la dawa, nadhani yupo mmoja hapa leo, karibu sana, anafurahi. Anasema: si umesema mwenyewe ni mchochota! Basi prednisoloni yangu ilikuwa na kosa gani?

Kosa lake ni kwamba ilishajaribiwa. Mwaka 1985! Prednisoni, ndugu yake yule yule, miligramu 15 kwa siku, wiki mbili, wagonjwa hawajui wanameza dawa au unga mtupu. Haikuwasaidia. Prednisoni ingemrudisha mwenye baridi yabisi ya kweli shambani ndani ya siku chache. Kwa mwenye fibromialgia haikufanya kitu. Na diklofenaki na jamaa zake, peke yao, hazijaonyesha faida ya maana kwa maradhi haya. Dawa ya kuzima moto wa jikoni huimwagi kwenye nyaya za umeme. Moto ni moto, lakini unauliza unaunguza nini.

Hata dawa zinazolenga glia hazijatupa ushindi. Kuna naltreksoni ya kipimo kidogo, iliyoleta matumaini makubwa tangu jaribio dogo la Stanford mwaka 2009. Denmark wakaipima vizuri kwa wanawake 99, wiki 12, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2023: kwa maumivu haikuishinda dawa bandia. Mie niliumia niliposoma, nilishaitayarishia hotuba. Lakini ndivyo kazi ilivyo. Mtu akikwambia leo ana dawa ya kuinyamazisha kinga na fibromialgia iondoke, iwe kidonge, iwe chupa ya mafuta kutoka nje, iwe sindano, mwulize kaipima kwa nani.

Na majini? Hilo siliruki. Someni ruqya, mie nasoma pia, sijakataza. Nilichokataza ni kumfungia mgonjwa ndani siku saba akala nusu chakula. Na wanaopiga chuku, na wachuaji wenye vidole vya chuma: mtu ambaye shuka inamuuma wewe unampanda mgongoni kwa kiwiko? Mkande kwa maji ya moto, mguse kwa wepesi. Haya, tuendelee.

Dakika ngapi? Tisa. Wallahi sijafika nusu.

Basi kwa haraka. Wauguzi, kabla hamjasema fibromialgia, angalieni kwanza: kiungo kimevimba kweli, kina joto, asubuhi kimekakamaa zaidi ya saa nzima, mtu anakonda, ana homa, ana vipele usoni, misuli imeishiwa nguvu? Huyo si wangu, mpelekeni kwa daktari wa maradhi hayo leo. Pimeni tezi ya shingo, pimeni upungufu wa damu. Na mwenye baridi yabisi anaweza kuwa na fibromialgia juu yake, kiasi cha 1 katika 5 wanayo, kwa hiyo ukiona ESR imeshuka na mgonjwa bado analia, usimwongezee dawa za baridi yabisi kwa pupa. Wanaume pia wanapata, ila wanaume wetu wanakuja na neno "kiuno" tu.

Usingizi. Toronto mwaka 1975 waliwakatisha vijana wazima usingizi mzito, usiku baada ya usiku, wakaamka na misuli inauma. Nilikuwa na mengi hapa, tuyaache. Amitriptilini, kipimo kidogo usiku, kwa cheti cha daktari: inawasaidia baadhi, inakausha mdomo. Utumbo na vijidudu vyake: siku nyingine.

Mazoezi. Hapa nisimame, hata adhana ikinikuta. Jumuiya ya Ulaya ya maradhi ya viungo mwaka 2017 ilipitia matibabu yote, na kitu kimoja tu walichokipendekeza kwa nguvu zote ni mazoezi. Nasikia mguno. Najua: mtu haumudu ushungi, wewe unamwambia mazoezi. Basi dakika 5. Nimesema 5. Kutembea, siku aliyo nzuri asizidishe, siku aliyo mbaya asiache, wiki inayofuata 6. Kosa la wagonjwa wetu ni harusi: siku nzuri wanailipia siku tatu. Na wazungu wanajenga vidimbwi vya maji ya vuguvugu kwa wagonjwa hawa, wanalipia. Sisi Mungu katuzungushia bahari ya vuguvugu bure, na tunaiingia kwa ajili ya mwani tu, tumeinama. Ingieni maji yakijaa, mpaka kifuani, jioni, na buibui yenu, tembeeni humo.

Yule wa mkoba ndivyo anavyofanya. Prednisoloni tuliiondoa kidogo kidogo na daktari, miezi, maana ukiikata ghafla ni hatari, hilo msilisahau. Uso umerudi wake, na majirani sasa wanamwuliza mbona kakonda, mume vipi? Mwani anafunga bamvua moja, la pili anapumzika. Hajapona. Anaumwa, lakini anafunga ushungi mwenyewe na anajua jina la anachougua. Mwezi uliopita kaja tena, na mkoba ule ule wa ukili, nikauona tangu mlangoni moyo ukanipasuka. Nikamwuliza, embe? Akacheka, akatoa karatasi mbili. Kaenda kupima tena, kwa siri, ahakikishe.

Safi zote mbili.

Adhana hiyo. Mwenye swali atanikuta mlangoni baada ya sala. Wa sindano asije, sina.